Udi, Mchaichai na Taarabu: Kuoanisha Harufu na Muziki Nyumbani

Katika harusi za Unguja, Lamu na Mombasa hakuna anayeuliza kama udi unaendana na taarabu. Chetezo hupitishwa, nguo hufukizwa, vikuba vya asumini na mkilua hubandikwa vifuani, na kanuni na fidla zinapoanza kulia, watu wameshaingia katika hali moja kabla mwimbaji hajafungua kinywa. Waliopanga shughuli hiyo wanajua wanachokifanya. Linalosikitisha ni kwamba ujuzi huo tunauacha ukumbini. Siku za kazi mtu anarudi nyumbani kachoka, anakuta sebule inanuka mafuta ya kukaangia, televisheni inapayuka, na usiku anageukageuka kitandani akijiuliza usingizi umekwenda wapi.

Makala hii ni ya mtu anayetaka kuuleta ujuzi huo nyumbani kwake katika siku za kawaida, kwa chupa moja au mbili za mafuta ya kunukia na simu yenye nyimbo. Fedha nyingi hazihitajiki. Kinachohitajika ni kujua jinsi pua na sikio vinavyosaidiana, kujua saa ya kuanza na saa ya kuacha, na kuwa mwangalifu, kwa sababu mafuta haya, pamoja na uzuri wake wote, ni kemikali kali zilizobanwa ndani ya chupa ndogo.

Pua ina njia ya mkato

Tunachokiona na tunachokisikia hupita kwanza kwenye kituo kilicho katikati ya ubongo, thalamasi, ndipo kisambazwe kwenye sehemu zinazokichambua. Harufu haipiti huko kwanza. Neva zilizo juu ya tundu za pua huipeleka karibu moja kwa moja kwenye amigdala, inayoshughulika na hofu na raha, na kwenye hipokampasi, inayotunza kumbukumbu. Ndiyo maana harufu ya mkate wa kumimina unaookwa inaweza kukurudisha jikoni kwa bibi yako kabla hujatambua ni harufu ya nini. Binadamu ana aina zipatazo 400 za vipokezi vya harufu. Waliogundua jeni zake mwaka 1991, Linda Buck na Richard Axel wa Marekani, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2004.

Muziki nao una mlango wake, nao ni mapigo. Moyo wa mtu mzima aliyetulia hupiga mara 60 hadi 100 kwa dakika, na pumzi zetu zina tabia ya kuufuata mwendo tunaousikia. Wimbo wenye mapigo 60 hadi 80 kwa dakika hutuliza. Ukipita 100 mwili unaanza kuchangamka. Kupima ni rahisi. Piga kidole mezani kufuata mwendo wa wimbo kwa sekunde 15, hesabu mapigo, zidisha kwa nne. Ukifanya hivyo kwa nyimbo kumi unazozipenda utashangaa: baadhi ya nyimbo tunazoziita laini kwa sababu ya sauti tamu ya mwimbaji zinakimbia chini kwa chini.

Viwili hivi vikikutana, kinachoamua ni kulingana kwa nguvu zake. Mwaka 2001 watafiti Anna Mattila na Jochen Wirtz walichapisha jaribio walilolifanya katika duka la zawadi. Walitumia harufu mbili, lavenda inayotuliza na balungi inayochangamsha, wakazioanisha na muziki wa polepole au wa haraka. Lavenda ilipokwenda na muziki wa polepole, na balungi na muziki wa haraka, wateja waliliona duka kuwa zuri zaidi na wakanunua zaidi vitu ambavyo hawakuvipanga. Vilipopingana, faida hiyo haikuonekana. Kwa wenye maduka hiyo ni mbinu ya biashara. Kwa mwenye nyumba ni kanuni ya kwanza: harufu ya kutuliza iende na muziki wa kutuliza, ya kuamsha iende na wa kuamsha. Watu wengi hukosea hapo. Wanawasha udi mzito wa usiku, kisha wanafungulia ngoma ya kuruka, na hawaelewi kwa nini vichwa vinawauma.

Kuna ulinganifu mwingine, wa juu na chini. Katikati ya karne ya 19, mtengeneza manukato wa London, Septimus Piesse, alizipanga harufu kwenye mistari ya noti, kila moja na noti yake. Wapo waliomwona mtu wa ndoto. Lakini mwaka 2012 Anne-Sylvie Crisinel na Charles Spence wa Chuo Kikuu cha Oxford waliwanusisha watu harufu mbalimbali na kuwataka wachague noti inayofaa, na majibu hayakuwa ya ovyo: chungwa lililopikwa kwa sukari na ua la airisi viliwekwa kwenye noti za juu kuliko miski na kahawa iliyokaangwa. Unaweza kulitumia hilo bila kuwa mwanamuziki. Ndimu, mchaichai na nanaa mimi huzipa filimbi, zumari na nyuzi nyembamba za kanuni. Udi, msandali na karafuu nazo nazipa besi, ngoma ya chini, na sauti nzito za waimbaji kama marehemu Bi Kidude.

Mafuta ya kwetu kwanza

Sioni sababu ya mtu wa Afrika Mashariki kuanza na chupa ya gharama iliyotoka mbali. Pemba, Wawi karibu na Chake Chake, kuna kiwanda kinachotoa mafuta kutokana na makonyo ya karafuu, na kutokana na mchaichai, mkaratusi na mrehani. Visiwa vya Komoro, hasa Anjouan, ni miongoni mwa wazalishaji wakubwa wa mafuta ya langilangi duniani. Maua huchumwa alfajiri, huchemshwa kwa mvuke kwa saa nyingi, na mafuta yanayotoka mwanzo ndiyo yenye thamani kuliko yanayofuata. Ubani unatoka Somalia na Dhofar, kule Oman. Mkulima wa viungo wa Unguja anauza chupa ndogo shambani kwake. Lavenda ndiyo itakubidi uitafute kwa waagizaji.

Ukinunua, angalia kama lebo ina jina la kisayansi la mmea na sehemu iliyotumika, maana mafuta ya makonyo ya karafuu si sawa na ya karafuu zenyewe. Chupa iwe ya kioo cheusi au cha rangi ya kahawia. Dondosha tone moja kwenye karatasi nyeupe na uliache mpaka kesho. Mafuta mepesi kama ya mchaichai, ndimu au mkaratusi yakiacha doa la mafuta kama la andazi, jua yamechanganywa na mafuta ya kupikia au mengine mazito. Msandali na langilangi huacha alama kidogo hata yakiwa safi, kwa hiyo kipimo hiki hakifai kwa yote. Na mtu akikuuzia "mafuta ya asumini" kwa bei ya soda, amekuuzia manukato ya maabara. Kilo moja ya mafuta halisi ya asumini hutaka maua mengi mno. Manukato ya maabara yanaweza kunukia vizuri, lakini mnunuzi ana haki ya kujua anacholipia.

Usisahau pia kwamba chupa si lazima. Majani ya mchaichai, kijiti cha mdalasini, karafuu tano na ganda la chungwa katika sufuria ya maji inayotokota taratibu huinukisha nyumba nzima, na kwa nyumba yenye watoto wadogo hiyo ndiyo njia ninayoipendekeza kabla ya nyingine yoyote, mradi sufuria isifikiwe na isikaukie motoni. Asumini mbichi katika kisahani kando ya kitanda hufanya kazi usiku kucha. Marashi ya mawaridi yakirashiwa kwenye mapazia huburudisha saa ya adhuhuri, wakati kila kitu kizito kinakera.

Harufu hukimbia kwa kasi tofauti

Hapa pana jambo ambalo wauzaji wa mafuta hawalisemi sana, nalo ndilo linalotofautisha nyumba iliyotulizwa na nyumba iliyopulizwa manukato tu. Mafuta hayapotei hewani kwa mwendo mmoja. Ndimu, chungwa na mchaichai huruka mara moja na kwisha mapema. Langilangi, lavenda na jeranium hukaa katikati. Msandali, udi na mafuta mengine ya miti hujivuta, huanza kusikika vizuri wakati mepesi yameshaondoka, na hubaki kwenye pazia hadi asubuhi. Kwa hiyo mchanganyiko mmoja una mwanzo, katikati na mwisho, kama wimbo ulivyo.

Basi upange muziki uendane na safari hiyo. Ukiweka matone mawili ya chungwa, mawili ya langilangi na moja la msandali, dakika za mwanzo zitakuwa za chungwa. Zipe muziki wenye mwanga: marimba, gitaa la nyuzi safi, kanuni. Baada ya hapo harufu itashuka, na muziki nao ushuke. Vikundi vikongwe vya taarabu vinaujua mwendo huu. Ikhwani Safaa, kilichoanzishwa Unguja mwaka 1905, na Culture Musical Club cha mwaka 1958, vina desturi ya kuanza na bashrafu, muziki wa ala peke yake usio na maneno, ili masikio yatulie kabla ya uimbaji. Nyimbo zao zinaweza kwenda dakika kumi na zaidi bila kubadili hali. Kwa kazi yetu hiyo ni neema kubwa, kwa sababu kinachoharibu hali ya nyumba haraka kuliko chochote ni wimbo wa dakika tatu wa huzuni kufuatiwa na wa dakika tatu wa kucheza, na tangazo katikati.

Kwa upande huo rumba na muziki wa dansi vina hila. Wimbo unaanza polepole, mwimbaji anabembeleza, umeshafumba macho. Kisha linaingia chemko, kile ambacho Wakongo hukiita sebene, magitaa yanakimbizana na mabega yanaanza kucheza yenyewe. Ni raha isiyo kifani, ila si muziki wa kulalia. Ukitaka rumba wakati wa kupumzika, chagua nyimbo ambazo huhofii mwisho wake, au zikate kabla ya chemko kwa programu ya simu.

Saa za nyumba

Asubuhi ya siku ya kazi sipendi kitu kizito. Mchaichai au ndimu, matone matatu tu bafuni au sebuleni, na muziki wenye mapigo 90 hadi 110. Bongo fleva nyingi zimo humo. Robo saa inatosha. Asubuhi ya Jumamosi ya kufanya usafi ni hadithi nyingine. Singeli, iliyozaliwa katika mitaa ya Dar es Salaam na inayopita mapigo 200 kwa dakika, inaweza kukumalizia vyumba vitatu bila kujua, na mkaratusi kwenye ndoo ya kupigia deki huisindikiza vizuri. Changanya mafuta na sabuni ya maji kwanza ndipo umimine kwenye ndoo. Mafuta na maji havichanganyiki. Bila sabuni yataelea na kuunguza mikono ya anayekamua.

Anayesoma au kufanya hesabu anahitaji muziki usio na maneno. Maneno ya wimbo yanagombania sehemu ileile ya akili inayosoma, na lugha unayoielewa ndiyo inayosumbua zaidi. Ilimba za Wagogo, kora ya Mali, taksim (upigaji huru wa ala moja) ya kanuni au fidla, hata piano ya Ulaya, vyote vinafaa. Harufu iwe moja na hafifu, rozmari au mrehani kwa mfano, na isitumike kwa shughuli nyingine humo nyumbani.

Hilo la mwisho nalisisitiza, kwa kuwa ndilo lenye nguvu kuliko aina ya mafuta. Akili hujifunza kwa kurudia. Harufu ileile na muziki uleule vikija kila mara kabla ya jambo lilelile, baada ya wiki kadhaa vyenyewe vinauita mwili kwenye jambo hilo. Mtu akinusa lavenda akiwa anaoga, akiwa anapika, akiwa anagombana na simu ya kazini, na tena akiwa analala, lavenda haitamwambia chochote. Chagua harufu moja ya usingizi na uitunze kwa usingizi.

Kwa usingizi wenyewe, tafiti kadhaa zinaonyesha lavenda huwasaidia baadhi ya watu, kwa kiasi cha wastani. Haichukui nafasi ya dawa, na mwenye kukosa usingizi kwa wiki nyingi aende kituo cha afya. Tone moja au mawili kwenye pamba iliyo umbali wa mkono kutoka mto, au langilangi kidogo sana, maana ikizidi huleta kichefuchefu. Muziki uwe chini ya mapigo 80, usio na mshangao, na uwe uleule kila usiku; wimbo mpya huamsha udadisi, na wimbo unaoujua maneno utauimba kimoyomoyo mpaka saa saba. Inanga ya Burundi, ambayo mpigaji wake huimba kwa kunong'ona, ni chaguo ninalolipenda kuliko yote. Nyatiti ya Ayub Ogada wa Kenya nayo ina utulivu wa mvua ya mbali. Weka kipima muda kizime vyote baada ya dakika 30 au 45, na simu ilale kifudifudi.

Kwa wanandoa, pwani ina elimu yake ya kale, na kina mama wanaoifundisha wanaijua kuliko makala yoyote: asumini kitandani, nguo zilizofukizwa udi, langilangi kwenye nywele. Langu hapa ni dogo. Kama chumba kimeshafukizwa, usiongeze mafuta ya chupa juu yake. Na muziki uwe wa taarabu asilia ya mahaba kuliko ile ya mipasho, kwa kuwa maneno ya kumsema mtu hata yakiimbwa vizuri hukaza mwili.

Wageni wakija, fukiza nusu saa kabla hawajafika, kisha fungua madirisha. Wakute harufu iliyotulia, wasikute moshi. Karafuu na mdalasini huukaribisha muziki wa nyuzi na akodiani, na sauti iwe ya kiasi cha watu wawili kuzungumza bila kupaza. Chakula kikifika, harufu zote zikome. Pilau haitaki msaidizi.

Kabla ya kuchagua, waulize unaoishi nao. Harufu nyingine zimeshapewa kazi katika maisha yetu na si busara kuzipa nyingine. Ubani katika nyumba nyingi za Waislamu wa pwani ni wa dua, maulidi na hitima. Mkatoliki anaukumbuka wa madhabahuni. Kafuri hutumika kuoshea maiti, na aliyefiwa karibuni akiinusa sebuleni atakachokiona mbele yake ni jeneza. Hata harufu isiyo na ibada inaweza kuwa ya hospitali au ya mtu aliyeondoka. Hakuna muziki utakaoishinda kumbukumbu ya aina hiyo, na si haki kumlazimisha mtu aizoee. Katika nyumba za kupanga ambazo kuta hazifiki darini, jirani anakuwa mwenzako wa nyumba kwa pua na kwa masikio, kwa hiyo naye aulizwe.

Kiasi

Difyuza ya maji (kifaa cha umeme cha kurusha harufu hewani) yenye ujazo wa mililita 100 inataka matone matatu hadi matano. Iwashe kwa dakika 30 hadi 60, kisha izime kwa muda kama huo. Pua huzoea harufu ndani ya dakika chache na kuacha kuisikia, na kosa la kawaida ni kuongeza matone kwa sababu "imekwisha". Toka nje, rudi, utaikuta ipo. Mgeni akiingia na kusema kwa sauti kwamba hapa pananukia, umeshazidisha kidogo. Safisha kifaa kila wiki kwa siki na maji, maana maji yaliyolala humo hufuga vijidudu na kuvirusha hewani.

Umeme ukikatika, bakuli la maji ya moto lenye matone mawili, kigae cha udongo kisichopakwa rangi, au pamba katika kisahani hufanya kazi vilevile. Tumia kioo au udongo. Mafuta ya ndimu na chungwa huyeyusha baadhi ya plastiki. Chupa zihifadhiwe mahali pa baridi na giza, mbali na jiko, kwa kuwa mafuta haya yanashika moto. Ya jamii ya michungwa yakipita mwaka mmoja tangu yafunguliwe yasiguse ngozi tena.

Hatari zisizofichika

Chetezo cha makaa ndani ya chumba kilichofungwa kinaweza kuua. Makaa hutoa hewa ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, na udi hata uwe mzuri kiasi gani hauizuii. Dirisha liwe wazi wakati wote wa kufukiza, na chetezo kitoke chumbani kabla ya mtu kulala. Vyetezo vya umeme vinavyoletwa na jamaa kutoka Muscat na Dubai huondoa makaa, ila moshi wa udi wenyewe bado ni moshi, na mwenye pumu asikae karibu nao. Ndugu walioko Ulaya na Marekani ya Kaskazini, ambako madirisha hufungwa miezi mingi ya baridi, wanalijua hili kwa kelele za kengele ya moshi darini. Wasiifunike, wapunguze udi.

Mafuta ya chupa yasinywewe, hata kama lebo inasema ni ya asili. Yasipakwe ngozini yakiwa matupu: kijiko kikubwa cha mafuta ya nazi kinachukua matone sita ya lavenda, lakini ya karafuu tone moja tu, kwa kuwa yanaunguza. Ndimu iliyokamuliwa maganda yake ikipakwa kabla ya kutoka juani inaweza kuacha mabaka na malengelenge. Mjamzito amwulize mhudumu wa kliniki kabla ya kutumia chochote mara kwa mara. Mwenye pumu aanze na tone moja, mlango wazi, na aache mara kifua kikibana.

Watoto wachanga hawahitaji mafuta haya hewani hata kidogo. Mkaratusi na mafuta ya nanaa yasitumike karibu na uso wa mtoto wa chini ya miaka miwili, kwani yanaweza kuifunga pumzi yake. Ini la paka halina uwezo wa kuzivunja kemikali nyingi za mafuta haya, na yale ya ti-tri yanayopakwa chunusi ni sumu kwa paka na mbwa. Mlango uachwe wazi mnyama aondoke akitaka.

Chupa zikae juu, zimefungwa, mahali ambapo mtoto hafiki hata akipanda kiti. Kijiko kimoja cha chai cha mkaratusi au karafuu kinatosha kumtia mtoto kwenye degedege au usingizi mzito, na karafuu huweza kuharibu ini. Akimeza, usimtapishe, kwa sababu mafuta yakipanda yanaweza kuingia mapafuni. Usimpe maziwa wala dawa ya kienyeji ya kuyakata. Futa kinywa chake, mpeleke hospitali papo hapo hata kama anaonekana mzima, na uibebe chupa yenyewe ili daktari asome jina la mafuta na kuona kiasi kilichobaki.